Siku Niliyokata Vitoto vya Ua la Mama

Enzi zetu ua halikununuliwa. Ukilipenda ua la mtu, ulisimama kwenye kibaraza chake, ukalisifu, ukaongea naye habari za mvua na za mahindi, na kabla hujaaga ulikuwa umeshika kitoto cha ua kilichofungwa kwenye gazeti bichi. Ulikwenda nacho nyumbani ukakipanda kwenye kopo ulilolitoboa mwenyewe kwa msumari. Siku hizi naona vijana wananunua ua ambalo limeshakua, limekaa kwenye chungu cheupe kinachong'aa, ambacho hakina hata tundu la kutolea maji. Wanalipiga picha. Wanalimwagilia asubuhi na jioni kama wananywesha ng'ombe, na baada ya wiki chache wanashangaa limeoza mizizi. Kisha wanasema ua lile ni gumu kulitunza. Gumu! Ua ambalo mama yangu alilikuza Tarime kwenye kopo lenye kutu, huku mbuzi wa mtaa mzima wakilivizia. Mara nyingi nikisikia maneno hayo huwa nanyamaza na kuondoka. Leo nimechoka kunyamaza.

Ua lenyewe mnalijua, nyie wa rika langu. Lina majani marefu membamba yanayoinama kama nywele, ya kijani, na katikati kila jani lina mstari mweupe. Likishakomaa hutoa nyuzi ndefu, na kwenye ncha za nyuzi hizo huota vitoto vinavyoning'inia hewani kama buibui anayeshuka kutoka darini. Ndiyo maana wengine huliita ua la buibui. Sisi pale Bomani, mtaa wetu wa Tarime, tuliliita ua la Mwalimu, na nitaeleza kwa nini.

Tulikaa kwenye nyumba ya vyumba viwili na kibaraza, uani tukichangia choo na kamba ya nguo na familia nyingine tatu. Baba alikuwa karani ofisini. Alivaa shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi ya mkaa kila asubuhi, na harufu ya pasi ile, mchanganyiko wa mkaa na nguo yenye unyevu, ndiyo iliyoniamsha. Kwao baba ni Gorong'a, kulikokuwa na mashamba na ng'ombe, na kutoka huko tuliletewa unga wa mtama na muhogo na kibuyu cha maziwa mgando. Ugali ule ulikuwa mweusi na mzito, ukiula saa saba hukumbuki chakula mpaka kesho. Watoto wa leo ukiwapikia wanauliza kama kuna chipsi.

Mchana tulicheza rede na kombolela mpaka vumbi likatubadilisha rangi. Magoti yetu yalikuwa na makovu, na hakuna aliyepelekwa hospitali kwa goti. Mama alikuwa anasema, "Rhobi, damu ikikauka yenyewe, haikuwa ya kuliliwa." Rhobi ndiyo mimi. Nilikuwa mtoto wa kwanza, na kwa miaka tisa nilikuwa wa pekee, mpaka alipozaliwa mdogo wangu Marwa.

Marwa aliishi miezi minane. Homa ilimpata siku ya Jumanne, na Ijumaa tulikuwa tunamzika Gorong'a. Sina zaidi ya hayo ya kusema kuhusu siku zile, isipokuwa jambo moja ambalo hata mtoto aliliona: mama hakulia. Wanawake walilia, baba alilia akiwa amegeukia ukuta, mimi nililia mpaka nikatapika. Mama alikaa kwenye mkeka, akashukuru kila aliyekuja, akauliza kama wageni wameshakula. Tuliporudi Bomani akaendelea na kazi zake. Alipika, alifua, alipiga pasi. Ila hakuongea. Ukimuuliza kitu alijibu kwa neno moja, na ukimaliza kula alichukua sahani akaenda zake. Nyumba ile ilikuwa na kelele za majirani pande zote, lakini kwetu ndani ulisikia mpaka maji yakichemka.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mwalimu Akoth, Mjaluo kutoka upande wa ziwani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mstari wa asubuhi. Alikuja kumpa mama pole kama wengine, halafu akaendelea kuja wakati wengine wameacha. Jioni moja alikuja na kopo la maziwa ya unga, ndani yake kuna kitoto cha ua hakijazidi kiganja. Akaliweka kibarazani. Akamwambia mama kwamba ua lile halitaki mengi, linataka mtu wa kuliangalia tu.

 Asubuhi yake nilimkuta amechuchumaa mbele ya kopo, ameingiza kidole kwenye udongo.

Basi ndipo taabu yangu ilipoanza. Nataka niseme kweli, maana watu wakikumbuka utoto wao hupenda kudanganya: sikulipenda ua lile hata siku moja. Mama alirudi kuongea, ndiyo, lakini aliongea habari za ua tu. Nilitoka shule nimepata alama nzuri ya hesabu, akaniuliza kama nimelitazama ua nilipokuwa naingia. Nilitaka anisuke nywele, akaniambia nisubiri kwanza amalize kufuta majani. Alikuwa anayafuta jani moja moja kwa kitambaa kibichi, kwa sababu ya vumbi la barabarani. Kitambaa hicho kilikuwa gauni langu la zamani.

Kisha akanifundisha na mimi, na hapo nikawa mtumwa wa ua. Usimwagilie mpaka uingize kidole hadi kiungo cha pili. Ukikitoa kimeshikwa na udongo, acha, halijasikia kiu. Maji ya bomba usiyatie siku hiyohiyo, yakinge kwenye ndoo yalale mpaka kesho, na maji ya mvua ni bora zaidi, kwa hiyo mvua ikianza toka mbio ukatege sufuria. Ncha ya jani ikiwa ya kahawia, ikate kwa mkasi, lakini usiikate mkato wa moja kwa moja kama unakata utepe. Kata kwa kulalisha mkasi, upande huu na upande huu, ili jani libaki na ncha kama lilivyozaliwa. Usiingie kwenye kijani, acha ukahawia mwembamba kama uzi, la sivyo kidonda kitarudi. Jani lililokuwa njano lote likate chini kabisa. Mbolea ni ya ng'ombe, iliyokauka mpaka haina harufu, konzi moja, mara mbili kwa mwaka, basi. Jua la asubuhi linafaa, la mchana linaunguza.

Wenzangu wanaita kutoka uani, "Rhobi, njoo, tumekosa mtu," na mimi nimeinama na mkasi nalalisha ncha. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yalichemka. Na leo, ajabu, naweza kusahau nilikoweka miwani, lakini ukinipa mkasi na ua lile nitalikata vilevile alivyotaka.

Lilikuwapo sharti moja la Mwalimu Akoth ambalo mama hakulifuata. Ua lilipotimiza kama mwaka na nusu lilianza kutoa nyuzi na vitoto. Mwalimu akaja kulitazama, akasema sasa vitoto vikishaota vimizizi vidogo kwa chini, vikatwe, vipandwe kwenye makopo yake, kwa sababu vikibaki vitamnyonya mama yao mpaka amalizike. Mama aliitikia. Lakini hakukata. Wiki zikapita, nyuzi zikaongezeka, vitoto vikazaa vitoto vingine. Ua ambalo awali lilikaa juu ya kigoda, nyuzi zake zikafika sakafuni, zikatambaa kibarazani mpaka mlangoni. Kuku walizidonoa. Baba alikuwa anazivuka kwa kuinua mguu juu kama mtu anayevuka mfereji, na shati lake jeupe, na mkoba wake, kila siku. Alimwambia mama kwa upole kwamba labda zipunguzwe kidogo. Mama akasema atazipunguza kesho.

Kesho hiyo haikufika. Majani ya katikati yakaanza kuwa njano. Mwalimu Akoth alikuja tena akasema, "Mama Rhobi, ua linakufa. Nipe mkasi nikusaidie." Mama akamwambia, kwa heshima lakini kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kwamba asiguse. Mwalimu alisimama kidogo, akaaga, akaenda. Kwa siku kadhaa hakuja.

Siku niliyofanya nilichofanya ilikuwa Jumamosi ya kiangazi. Bomba la mtaa lilikuwa halitoi maji, nikatumwa kuyafuata kisimani, bondeni. Nilipanga foleni tangu alfajiri. Nilipandisha kilima na ndoo kichwani, shingo imeingia mabegani, nikijisifu kwamba sijamwaga hata tone. Nikakanyaga kibaraza, mguu ukanasa kwenye zile nyuzi. Nilianguka kifudifudi, ndoo ikapinduka, maji yote yakateremka uani huku kuku wakikimbia. Niliinuka na mdomo unaotoka damu. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Nyumbani hapakuwa na mtu.

Sikufikiri. Niliingia ndani nikachukua mkasi, nikatoka, nikakata. Sikulalisha mkasi wala sikutafuta vimizizi. Nilikata nyuzi zote, mmoja baada ya mwingine, na kila nilioukata niliuvuta kwa nguvu. Nilikuwa nasema maneno pia. Nilikuwa nasema kwamba mimi bado nipo. Nilizikusanya zote kwenye karai, nikazimwaga kwenye shimo la taka nyuma ya choo, juu ya majivu na maganda ya viazi. Ua likabaki kwenye kopo lake, fupi, limenyooka, kama mtu aliyenyolewa.

Hasira ikatoka, hofu ikaingia. Nilikaa kwenye ngazi nikisubiri fimbo. Enzi zetu mtoto alijua thamani ya kosa lake kwa idadi ya viboko, na nilipopiga hesabu ya kosa lile nikaona hata vidole havitoshi.

Mama alirudi na kapu la dagaa. Aliona kopo, akaniona mimi na mdomo wangu uliovimba, akaona kibaraza kilicholowa. Aliuliza jambo moja tu: viko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole.

Aliweka kapu chini. Alikwenda nyuma ya choo, akapiga magoti kando ya shimo, akaanza kuvitoa kimoja kimoja, akivipuliza majivu na kuviweka kwenye khanga yake. Nilimfuata kwa mbali. Alipofika kama cha kumi mikono yake ikasimama, na nikasikia sauti ambayo kwanza nilidhani ni ya mnyama. Mama yangu alikuwa analia. Alilia kwa sauti kubwa, mchana kweupe, mbele ya shimo la taka, na alikuwa anaita jina, na jina lenyewe halikuwa langu wala la ua.

Watu walitoka nyumba zote nne. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Mwalimu Akoth alikuja mbio na unga bado mikononi, akapiga magoti kwenye majivu akamshika. Mtu alimwita baba kutoka kwa fundi viatu, na alipofika aliwapita wote, akakaa chini kwenye uchafu ule na suruali yake ya Jumamosi, akamwegemeza mama kwake. Mimi nilisimama pembeni nikiwa na hakika nimemuua mama yangu. Alilia mpaka jua likahama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine.

Aliponyamaza alinawa uso, akaniita. Nikaenda nimekunja mabega. Hakunipiga. Aliniangalia mdomo kwanza, akaupangusa kwa ncha ya khanga, kisha akasema, "Ulichokata kilikuwa changu. Siku nyingine uniulize kwanza. Lakini kilikuwa kimefika wakati wa kukatwa."

Halafu akanipa adhabu. Niende mlango kwa mlango, mtaa mzima, niombe makopo matupu. Na kila nyumba niseme mwenyewe nilichofanya.

Hiyo ilikuwa mbaya kuliko fimbo. Nilianza na nyumba za uani petu, nikavuka barabara, nikafika mpaka kwa muuza mafuta ya taa. Shikamoo, nimekata maua ya mama yangu kwa hasira, naomba kopo. Wazee walicheka mpaka wakakohoa. Bibi mmoja alinifokea kwa Kikurya muda mrefu, alipomaliza akanipa makopo mawili na ndizi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani. Walijua. Wengine walijua hata habari ya Marwa, na hao walinipa kopo polepole, wakasema nimsalimie mama.

Jumapili baada ya kanisa tulitoboa makopo kwa msumari, mama, baba, Mwalimu Akoth na mimi, tukapanda vitoto. Vingine vilikuwa na vimizizi, vingine tukaviweka kwanza kwenye vikombe vya maji. Vilivyokufa ni vichache. Ua la kwanza nililolinyoa, ambalo nilidhani nimelimaliza, halikuchukua mwezi likatoa majani mapya ya katikati, ya kijani hasa. Mwalimu alikuwa sahihi. Mama alianza kuugawa uzao ule: kila aliyenipa kopo alirudishiwa kopo lake lina ua. Wasichana wakiolewa walipewa. Vingine vilikwenda Gorong'a, vingine vilifika Sirari, na mimi nilipohamia Mugumu kufundisha nilikuja na changu kimefungwa kwenye gazeti bichi.

Na mama aliongea. Si siku ileile, wala si sana, lakini jioni moja alikuwa ananisuka nywele akaanza kunisimulia jinsi Marwa alivyokuwa anacheka akiona ndevu za baba. Nilikaa kimya kabisa, nisije nikamkatiza.

Mama alifariki akiwa mzee, na Mwalimu Akoth alitangulia. Mimi nimestaafu. Binti yangu Nyangi anafanya kazi Mwanza, amepanga kwenye ghorofa, na mwaka huu amenunua ua la buibui. Chungu cheupe, hakina tundu. Juzi alinipigia simu ya video akanionyesha ncha za kahawia. Nilifungua mdomo nimweleze habari ya maji, akaniwahi: "Mama, nimeshaangalia kwenye simu, wanasema ni dawa ya kwenye maji ya bomba. Inabidi yakae kwenye ndoo usiku mmoja." Wanasema! Tangu yuko darasa la tatu namwambia akinge maji yetu ya bomba, yanayotoka bwawa la Manchira, yalale kwenye ndoo, anakunja uso. Sasa amesema mtu asiyemjua, mwenye chungu kizuri nyuma yake, imekuwa elimu.

Nikameza hasira. Nikamwambia achukue mkasi aulalishe. Akakata moja kwa moja kama utepe. Nikamwambia tena. Akaniambia, "Lakini si ni jani tu, mama." Nilizima kamera nikanywa maji.

Nilipoiwasha nikaona rafu ya vitabu nyuma yake, na nyuzi zimeteremka, kama saba hivi, zimejaa vitoto vyenye vimizizi. Nikamwambia vimefika, avikate, avipande, ampe jirani. Akaniuliza, "Jirani gani?" Anaishi pale mwaka wa tatu. Mlango wa mbele yake, alisema, kuna dada fulani, huwa anamsikia akifunga kufuli. Jina hamjui. Labda vitoto hivyo aviweke mtandaoni, watu watakuja kununua.

Nilimsema sana. Nilimsema kwa ajili yake na kwa ajili ya vijana wote wa Tanzania. Alisubiri nimalize, maana ana adabu, kisha akaniuliza kwa upole jirani yangu wa hapa Mugumu anaitwa nani, huyu aliyejenga ukuta mrefu.

Najua honi ya gari lake. Najua mbwa wake. Jina silijui, na ni mwaka wa nne huu.

 Nyangi akasema sawa, atakata kimoja, atakwenda kugonga. Akaniuliza, na aliuliza kweli, si kwa mzaha: "Akifungua, nimwambie nini?"  Enzi zetu swali lile halikuwapo. Ulifika mlangoni, ukasema shikamoo, na mtu wa ndani alikuwa ameshakuita jina lako kabla hujamaliza.